Nilimlaumu bure mama watoto

Jumamosi moja ya likizo iliyopita, binti yangu alifika nyumbani Umoja akiwa na mwanawe wa miaka saba. Alitusalimu, akaketi, akanywa chai yake mpaka sira, kisha ndipo akasema kilichomleta.

"Baba, ile machela yako ingalipo? Tunataka kwenda Naivasha na watoto, tulale hemani siku mbili."

Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. Mama watoto alikuwa pale mlangoni akikata sukuma wiki. Hakuinua kichwa, lakini nilisikia kisu kimenyamaza.

Ndugu msomaji, ili uelewe kwa nini swali dogo kama hilo liliweza kunyamazisha nyumba nzima, sina budi kukurudisha nyuma hadi mwaka wa 1996.

Wakati huo nilikuwa dereva wa magari ya watalii. Majuma mawili porini, siku tatu nyumbani, ndivyo tulivyoishi. Mgeni wangu mmoja, mzee aliyekuwa baharia kabla ya kustaafu, hakupenda kabisa kulala hemani. Yeye alikuwa na machela ya nailoni ya kijani ambayo ikifungwa huingia katika mfuko mdogo kama mkate. Kila tulipopiga kambi alitafuta miti miwili, akaizungushia mikanda, akaitundika machela yake na kulala fofofo. Siku ya kurudi kwao aliniachia zawadi: machela ile, mikanda yake miwili ya nailoni, pete mbili za chuma na turubai la kukinga mvua.

Najua wengi wakisikia machela hufikiria kile kitanda cha kubebea wagonjwa. Hii ninayosema mimi ni ya kulalia, kitambaa kinachoning'inia baina ya miti miwili, mfano wa ile susu ambayo watu wa pwani hutundika jikoni kuweka chakula mbali na sisimizi. Kwa Kiingereza ina jina ambalo watoto wangu, kwa kulitamka upesi, waliligeuza kuwa "hamaki". Mama watoto alicheka akasema jina limefaa, maana kila nilipoifunga niliifunga kwa hasira.

Na alisema kweli. Mzee yule alikuwa amenionyesha namna ya kuifunga, tena zaidi ya mara moja, lakini mimi niliona ni ushamba wa kizungu. Jioni moja kando ya moto alinisimulia kwamba Wazungu waliijua machela mwaka wa 1492, pale Columbus na watu wake walipofika visiwa vya Karibiani na kuwakuta wenyeji wakilala ndani yake. Baadaye ikawa ndicho kitanda cha mabaharia. Katika meli za vita za Uingereza, kila baharia alipoamka aliviringisha machela yake pamoja na matandiko, akaifunga kwa kamba mizunguko saba, akaipeleka sitahani ikapangwe katika nyavu za pembeni. Huko ilipata hewa, na vita vikizuka, safu hiyo ya machela ilisaidia kuzuia risasi. Kwa hiyo kwake yeye kuifunga machela haikuwa kazi ya kumalizia tu mtu akiwa amechoka. Ilikuwa sehemu ya kulala.

Mimi je? Nilifungua ncha zote mbili kwa pamoja, machela ikaanguka vumbini. Nikaikung'uta kidogo, nikaisokomeza mfukoni pamoja na mikanda yenye utomvu na mchanga, zile pete za chuma zikakaa juu yake, na turubai nikalikalia ili liingie.

Adhabu ya kwanza ilikuja na mvua za El Nino. Oktoba 1997 tulikwenda Naivasha, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Kifungua mimba alikuwa na miaka minane na huyu binti miaka mitatu. Tulirudi kila kitu kikiwa kimelowa. Nikaitia machela katika mfuko wa plastiki, nikaukaza fundo na kuusukuma uvunguni mwa kitanda. Mvua nazo ziliendelea kunyesha mpaka mwaka mwingine ukaingia. Nilipoufungua mfuko ule, harufu iliyotoka ilitukimbiza chumbani. Turubai lilikuwa linanata kama karatasi ya peremende, na ule utando wake wa kuzuia maji ulibanduka vipande vipande. Machela ilikuwa na madoa meusi ya kuvu. Nailoni yenyewe si chakula kitamu kwa kuvu, lakini jasho, vumbi na makombo tuliyoyaacha juu yake vilitosha kuilisha. Panya naye alikuwa ametoboa pembe moja ya mfuko, akifuata njugu ambazo watoto walizisahau ndani.

Turubai tulilitupa. Machela iliokolewa na mama watoto. Aliifua katika karai kwa sabuni ya mche na maji baridi, akaianika kivulini siku mbili, akashona kipande pale alipotoboa panya. Kisha alichukua foronya kuukuu ya pamba, akaitia utepe wa kufungia, akaiweka machela humo bila kuibana, na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Huko hakukufika jua wala unyevu. Alitaka kuichukua na mikanda pia. Nikamkataza.

"Hivyo ni vitu vya gari," nilimwambia. "Niachie mwenyewe."

Nikaipeleka mikanda stoo, mahali nilipoweka jeki, spana na makopo ya oili.

Kisha ukaja mwaka 2000. Ukame ulikausha mabwawa ya kuzalishia umeme, na stima ikawa inagawanywa kwa zamu. Wenye umri wangu hawajasahau. Nami sikuwa tayari kuikosa taarifa ya habari, basi nilinunua betri ya gari iliyokwisha kutumika, ya kuwashia taa moja na kitelevisheni chetu. Niliiweka stoo na kuichaji humo humo stima ilipokuwepo. Kwa kuwa stoo ilikuwa finyu, mikanda ya machela niliiviringa na kuilaza juu ya betri hiyo. Ilikaa hapo zaidi ya mwaka mmoja.

Agosti 2001 tulirudi Naivasha. Wanaozijua kambi za kando ya lile ziwa watakumbuka migunga mirefu yenye gome la manjano, na viboko wanaotoka majini usiku kuja kula nyasi. Miti ya kutundikia machela haikosekani. Mimi, kwa kupenda sifa mbele ya majirani wa kambi, niliitundika juu usawa wa kifua cha mtu, nikaivuta ikanyooka kama waya wa kuanikia nguo.

Hapo peke yake palikuwa na makosa mawili. Machela haipasi kutundikwa juu kupita kimo cha kiti, kwa sababu hicho ndicho kimo ambacho mtu akianguka atainuka na kucheka. Tena haipasi kuvutwa ikanyooka. Mkanda ukishuka kutoka mtini kwa mwinamo wa digrii 30, kila mkanda hubeba uzito sawa na wa mtu aliyelala. Ukiuvuta mpaka mwinamo ukabaki digrii 10, kila mkanda hubeba karibu mara tatu ya hapo. Mimi nilikuwa na kilo 80. Hesabu yake ni kwamba asubuhi ile, nilipojilaza humo kusoma gazeti, kila mkanda ulivutwa kwa nguvu ya kama kilo 230. Ukanibeba. Nikaridhika kwamba u mzima.

Mchana binti yangu akapanda, na kaka yake akawa anamsukuma. Mimi nilikuwa nikigeuza nyama kwenye makaa. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kitambaa kinachoraruliwa, kisha kishindo. Hakulia mara moja. Wazazi mnaujua ule ukimya.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Nilimbeba mpaka garini, mama watoto akamshika mapajani, na kaka yake akakaa nyuma akiwa amejikunyata bila kusema neno. Hospitalini walimfunga plasta. Mfupa uliunga, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo akipokea chenji kwa mkono ule kiganja hakigeuki juu chote.

Sasa sikia niliyoyafanya mimi. Njiani kurudi Nairobi nilikuwa natafuta mkosaji, na nikampata kando yangu. Nilimwambia mama watoto kwamba bila shaka aliifua ile mikanda kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na dawa hiyo ndiyo iliyoila. Akaniambia hakuigusa. Nikamwambia aliigusa. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu wake, nilirudia maneno hayo hayo mbele yake, kwa sauti ya mtu anayejua. Mama watoto hakujibu. Tangu siku hiyo hakugusa tena kitu changu cha safari, na hata shati la kazi alikuwa akiniuliza kwanza alifue kwa sabuni gani.

Ukweli niliupata mwaka 2003. Nilipeleka betri ile kwa fundi, nami nilikuwa nimevaa suruali niliyozoea kuvaa nikiichaji. Fundi akaitazama suruali, akacheka. Ilikuwa na vitundu vingi mapajani, ambavyo mimi nilidhani ni kazi ya nondo.

"Mzee, hiyo ni asidi ya betri," aliniambia.

Akanieleza kwamba betri ikichajiwa, maji yake hutoa mapovu, na mapovu yakipasuka hurusha matone madogo sana ya asidi ambayo jicho haliyaoni. Yakitua juu ya nguo ya pamba, huioni dalili mpaka nguo hiyo ifuliwe. Nikamuuliza, na nailoni je? Akasema nailoni ndiyo kabisa, asidi huila vibaya.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja stoo. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, lakini wa pili nilikuwa bado nao. Niliutazama kwa makini. Haukuwa na doa. Rangi yake ilikuwa karibu ile ile na haukuwa na harufu yoyote. Nilikanyaga ncha moja, nikaivuta ya pili kwa mikono yangu, ukakatika kama utambi uliochakaa. Mkanda ambao ukiwa mzima ungalibeba watu kadhaa!

Niliichukua mikanda yote miwili nikaitupa gizani katika jaa la mtaa. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nitasema kesho, kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka zaidi ya ishirini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ya kuumbuliwa kwangu ilikuwa Jumamosi hiyo, binti yangu amekaa mbele yangu na mtoto wa umri ule ule aliokuwa nao yeye.

Basi nikasema. Nilianzia stoo nikaishia jaani. Nilimwambia kwamba mama yake hakuigusa mikanda ile hata siku moja, na kwamba kilichomwangusha ni betri yangu na kichwa changu kigumu.

Binti yangu alikaa kimya akiutazama mkono wake. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Na kaka unajua anavyodhani?"

"Anadhani nini?"

"Anadhani ni yeye. Kwamba alinisukuma sana. Aliniambia siku ya harusi yangu."

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kijana wa miaka kumi na miwili alirudi Nairobi kwenye kiti cha nyuma amebeba mzigo wangu, nami niliyekuwa nikiendesha sikugeuka hata kumtazama. Nilisema nitampigia simu jioni akitoka kazini. Binti akaitikia kwa kichwa.

Tulihitaji kitu cha kufanya, na mtoto alikuwa amechoka na mazungumzo ya watu wazima. Nikaenda nyuma ya mlango nikaitoa foronya kwenye msumari. Machela ilikuwa laini, haina harufu. Hata hivyo nilimwambia binti yangu wazi kwamba hii siwapi. Nailoni huzeeka, na kitambaa cha umri huo siwezi kukiamini kumbeba mtoto. Wanunue mpya, na mikanda iwe ya poliesta, ambayo hailegei sana ikilowa kama nailoni. Iwe mipana, angalau sentimita mbili na nusu, ili isikate gome la mti. Hii ya zamani tungeitumia kujifunza kufunga tu.

Uani kuna nguzo mbili za chuma za kuanikia nguo. Tuliitundika hapo kwa kamba, nikampa mjukuu mfuko.

Nilimwonyesha alivyonionyesha yule baharia. Usifungue ncha zote mbili. Fungua moja, ya pili ibaki imetundikwa. Shika ile uliyoifungua, itie ndani kabisa ya mfuko, kisha uende ukiisokota kitambaa humo kidogo kidogo huku ukitembea kuelekea nguzo ya pili. Machela inapungua, wewe unasogea, na kitambaa hakigusi udongo hata kidogo. Ukifika unafungua ncha ya mwisho na kuiacha mdomoni mwa mfuko. Iliyoingia mwisho ndiyo itakayotoka kwanza. Safari nyingine utaitundika hiyo kwanza, kisha utembee kinyumenyume ukiimwaga mpaka mti wa pili. Mtoto aliifanya mara nne. Mara ya nne alikuwa ananisahihisha mimi.

"Kwa nini hatuikunji kama shuka, Babu?" aliuliza.

Nikamwambia kwamba ukiikunja kila mara kwenye mistari ile ile, ndipo mahali pale pale panapoumia. Ukiisokomeza ovyo mfukoni, kila siku inajikunja pengine. Hapa uzembe kidogo una faida, na yeye aliipenda sana hoja hiyo.

Mikanda ina mambo yake, na hapo ndipo nilipokaza sauti. Haikai mfuko mmoja na machela, kwa sababu imekumbatia mti usiku kucha, ina utomvu, vumbi la gome na chembe za mchanga. Utomvu huchafua kitambaa, na mchanga ukiingia kati ya nyuzi hukata kama msumeno kila mtu anapolala. Kwa hiyo ipigwe brashi kavu kwanza, iviringwe kwenye kiganja bila kukazwa, iwekwe katika kimfuko chake. Pete za chuma zifutwe maji na kutiwa katika soksi ili zisikwaruze kitu. Kabla ya safari, kila mkanda upitishwe baina ya vidole inchi kwa inchi, ukikunjwa na kutazamwa: kama una manyoya, kama kuna mahali pagumu, kama rangi imefifia kwa jua, kama mshono umeanza kuachia. Lakini mkanda wangu ungalipita mtihani huo wote. Kwa hiyo kinachohitaji kujulikana zaidi ni mahali ulikolala. Kama hujui ulikaa na nini, ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, asije mwingine akauokota. Hata hilo mimi sikulifanya kule jaani.

Binti yangu anakaa ghorofa ya nne kule Syokimau, na stoo hana. Tulipitia vyumba vyake kwa maneno. Roshani hapana, jua la mchana huila nailoni taratibu. Chini ya sinki hapana, kuna unyevu na madawa ya kusafishia. Buti ya gari, ambako mumewe huweka galani ya petroli na betri ya akiba, alipoitaja tu akajicheka mwenyewe. Tukaishia kwenye kabati la nguo, juu, ndani ya foronya ya pamba, ikiwa kavu kabisa. Wakirudi mvua imewanyeshea, itandazwe juu ya viti usiku huo huo hata kama watoto wanasinzia. Na kila baada ya miezi michache itolewe ipate hewa kivulini.

Wakati wote huo mama watoto alikuwa hajasema kitu. Alimaliza mboga zake, akaja uani akijifuta mikono kwa leso. Akaichukua ile foronya, akaangalia utepe alioushona mwenyewe mwaka 1998.

"Baba watoto," alisema, "mama yangu alikufa akiamini nilimvunja mtoto mkono."

Nilianza kumwambia naomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Nimesikia. Utayasema tena Krismasi, mbele ya ndugu zangu. Ulivyoyasema yale mengine kwa sauti, haya nayo yaseme kwa sauti."

Nikakubali. Binti yangu na mwanawe waliondoka saa kumi na moja, kabla matatu hazijajaa. Saa mbili usiku nilikaa kwenye kiti changu nikamtafuta kifungua mimba kule Eldoret anakofanya kazi. Mama watoto alivuta stuli akaketi karibu, foronya ikiwa magotini. Simu iliita muda mrefu kabla hajaishika.

"Baba? Kuna nini, mbona usiku?"

"Hakuna mgonjwa," nilimwambia. "Uko mahali pa kukaa? Nataka nikwambie habari za ile hamaki."